Kanuni Uliyo Nayo Nafsini Mwako

Ukurasa wa mwisho wa daftari, siku ya kwanza ya Januari, baada ya mkesha wa kuukaribisha mwaka. Mwamini ameandika kwa kalamu ya bluu: kuamka saa kumi alfajiri kuomba, sura tatu za Biblia kila siku, nne Jumamosi na Jumapili, kufunga Jumatano na Ijumaa, hakuna muziki wa dunia, hakuna simu kitandani. Pembeni amechora visanduku vidogo vya kuweka alama ya vema.

Orodha hiyo haina kosa. Kila kilichoandikwa ni chema, na mwenye daftari ana kiu ya kweli. Ninachotaka tukiangalie ni kile kinachotokea wiki ya tano.

Biblia ina sura 1,189. Kwa hesabu yake, mwaka unamtosha na anabakiwa na akiba ya sura kumi tu. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40, kwa hiyo kabla Januari haijaisha anaingia Walawi, kwenye mafuta ya figo na majipu ya ukoma. Hapo hapo homa inamlaza siku tatu. Akiba yote imekwisha. Usiku wa nne anasoma sura kumi na tatu kwa mkupuo. Macho yanapita juu ya mistari, moyo uko kwenye visanduku. Akimaliza anaweka alama zake nne na kulala kwa amani. Asubuhi ukimwuliza Walawi 19 inasema nini juu ya kuwaachia maskini pembe za shamba, hakumbuki kama alipita hapo.

Amani ile ya usiku ndiyo ya kuchunguza. Kama imetoka kwenye visanduku, basi visanduku vimeanza kufanya kazi ya msalaba. Na kama asingemaliza, angelala akijiona amefukuzwa mbele za Mungu kwa sababu ya ratiba ambayo Mungu hakuiandika. Hali zote mbili ni ugonjwa mmoja, na wenye bidii huupata upesi kuliko wavivu.

Kabla ya kwenda mbali, tutenganishe mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya walokole huingizwa yote ndani ya neno moja, "sheria". Kuna amri ya Mungu: usiibe, usizini, usimshuhudie jirani yako uongo, mpende jirani yako. Hii hukuitunga wewe wala huwezi kuifuta. Kuna utaratibu wa kanisa: ibada inaanza saa ngapi, ubatizo unatanguliwa na mafundisho ya muda gani, mzee wa kanisa anachaguliwaje. Huu umetungwa na watu kwa ajili ya amani, na watu wanaweza kuubadilisha kikaoni. Halafu kuna kanuni yako binafsi, uliyojiwekea kwa sababu unaujua udhaifu wako: hushiki fedha za kikundi peke yako, huingii baa hata kunywa soda, unazima simu saa tatu usiku.

Nasisitiza la kwanza kwa sababu neno "sheria" siku hizi limekuwa kichaka cha kujifichia. Mtu anakemewa kwa kupokea rushwa au kuishi na mke wa mtu, naye anajibu, "Hiyo ni dini ya sheria, mimi niko chini ya neema." Hapana. Paulo aliyewaambia Wagalatia kwamba wameitiwa uhuru aliongeza katika mstari huo huo kwamba uhuru usiwe nafasi ya kuufuata mwili. Tunachozungumzia hapa ni kundi la tatu, pale linapopandishwa cheo likakaa kiti cha kundi la kwanza.

Kupandishwa huko kuna historia ndefu. Torati iliagiza siku moja tu ya kufunga kwa mwaka mzima, Siku ya Upatanisho, katika Walawi 16. Farisayo wa Luka 18 anamwambia Mungu, "Mimi nafunga mara mbili kwa juma." Zidisha: siku 104 kwa mwaka, badala ya moja. Torati ilitaja zaka ya nafaka, divai na mafuta. Mafarisayo wa Mathayo 23 wanatoa mpaka ya mnanaa, bizari na jira, wakihesabu majani ya bustanini. Tusiwacheke. Walimu wa Kiyahudi walikuwa na msemo wa kuijengea Torati ua, yaani kuweka mpaka wa nje ili mtu asifike karibu na kuivunja, na ua huo ulijengwa kwa upendo. Aliyeogopa kuivunja sabato alihitaji kujua kazi ni nini hasa, ndipo wakahesabu aina 39 za kazi, wakapima na safari isizidi dhiraa 2,000. Luka anapoandika kwamba Mlima wa Mizeituni uko "mwendo wa sabato" kutoka Yerusalemu, anatumia kipimo hicho bila kinyongo. Bwana Yesu mwenyewe hakusema zaka ya mnanaa ni dhambi. Alisema adili, rehema na imani imewapasa kuyafanya, "wala yale mengine msiyaache". Shida ilikuwa uzito. Jani la mnanaa lilipimwa kwa mizani, na mjane akapita bila kuonekana.

Marko 7 inaonyesha jambo hilo karibu zaidi. Mtu ana wazazi wazee. Ana mali ya kuwatunzia. Anatamka "Korbani", yaani mali hii ni wakfu kwa Mungu, na tangu hapo mapokeo hayamruhusu tena kumfanyia kitu babaye wala mamaye. Kitu alichojitungia kwa jina la Mungu kimemzuia kutii amri ambayo Mungu aliitamka Sinai. Kipimo hiki kinafaa kwa kanuni yoyote: je, inakusaidia kutii amri, au inakupa sababu ya kuiruka? Kijana anayekataa kumpeleka mama yake zahanati asubuhi ya Jumamosi kwa kuwa "ni saa yangu ya maombi" yuko ndani ya Korbani, hata kama hajawahi kulisikia neno lenyewe.

Lakini kama ningeambiwa nichague sura moja tu ya kufundishia jambo hili, ningechagua 1 Samweli 14. Israeli wanapigana na Wafilisti. Sauli anawaapisha watu: alaaniwe mtu atakayekula chakula kabla ya jioni, kabla hajajilipiza kisasi kwa adui zake. Mungu hakumwagiza. Kilikuwa kiapo cha mfalme, chenye sura ya kiroho na sauti ya vita. Jeshi linaingia msituni, asali iko juu ya nchi, na hakuna anayetia mkono kinywani kwa hofu. Yonathani hakuwepo watu walipoapishwa. Anachovya ncha ya fimbo yake kwenye sega, analamba, na macho yake yanapata nuru. Akiambiwa habari ya kiapo anajibu bila kuzunguka: baba yangu ameitaabisha nchi, kama watu wangekula leo, ushindi ungekuwa mkubwa zaidi.

Tazama kinachofuata, maana hapa ndipo wahubiri wengi hukatisha hadithi. Jioni inafika, watu wamezimia kwa njaa. Wanarukia nyara, wanachinja kondoo na ng'ombe chini, wanakula nyama pamoja na damu. Hilo ndilo lililokatazwa kweli katika Torati. Kanuni ya kubuni, iliyoshikwa kwa ukamilifu kutwa nzima, ikazaa uvunjaji wa amri halisi kabla watu hawajalala. Na mwenye kiapo, badala ya kukifuta, akawa tayari kumwua mwanawe mwenyewe ili kiapo kisimame. Watu ndio waliomwokoa Yonathani.

Mfungaji mkali anayewafokea watoto kutwa kwa sababu ya njaa yumo katika sura hiyo. Yumo pia yule aliyejizuia kila kitu wiki nzima, kisha Ijumaa usiku akavunja vyote kwa pamoja. Paulo aliwaandikia Wakolosai juu ya "Msishike, msionje, msiguse": yanaonekana yana hekima, yana unyenyekevu, yanautawala mwili kwa ukali, "lakini hayafai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili". Soma tena sentensi hiyo taratibu. Hasemi kwamba ukali umezidi kiasi. Anasema kazi ile ile iliyotarajiwa, haufanyi.

Kanisa la kwanza lilijifunza hili kwa shida. Karibu na mwaka 49 mitume na wazee walikaa Yerusalemu kuamua kama mataifa walioamini watahiriwe. Barua yao katika Matendo 15 ina makatazo manne tu: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, vilivyosongolewa, na uasherati. Lakini kiu ya kanuni haikufa. Didake, mwongozo wa kale wa Wakristo, unawaambia waumini wasifunge pamoja na wanafiki siku ya pili na ya tano ya juma kwa hesabu ya Kiyahudi, yaani Jumatatu na Alhamisi, ila wafunge Jumatano na Ijumaa. Yesu alikuwa amesema juu ya moyo wa mwenye kufunga, uso alioukunja ili aonwe. Dawa waliyotoa watu ilikuwa kubadilisha siku. Ndizo siku mbili zile zile ambazo mwenye daftari letu ameziandika, pengine bila kujua zimetoka mbali kiasi gani.

John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, naye alizishika. Huko Oxford, katika kundi lililoanza 1729, yeye na ndugu yake Charles na wenzao wachache walifunga Jumatano na Ijumaa mpaka saa tisa alasiri, walitembelea wafungwa, walisoma pamoja kwa ratiba. Watu wakawadhihaki kwa kuwaita Klabu Takatifu. Wesley aliandika shajara ya siku yake saa kwa saa na kuupima moyo wake kwa namba. Mwaka 1735 alivuka bahari kwenda Georgia, koloni la Uingereza huko Amerika, kuhudumu, na huko ukali wake ukamwumbua. Mwanamke mmoja aliyempenda aliolewa na mtu mwingine. Miezi michache baadaye, Agosti 1737, Wesley alimnyima Meza ya Bwana, akitaja pamoja na mengine kwamba hakutoa taarifa mapema ya kushiriki kama kitabu cha ibada kilivyotaka. Kifungu kilikuwepo kweli kitabuni. Lakini nani asiyeona kwamba kanuni ilikuwa imebeba kidonda? Kesi ikafika mahakamani, na kabla mwaka haujaisha akaondoka. Hili wanaoshika uongozi wa kanisa walitazame sana: kanuni ni mahali pazuri mno pa kuficha hasira, kwa sababu mwenye hasira anaonekana mwaminifu.

Mei 24, 1738, katika mtaa wa Aldersgate jijini London, Wesley alisikia yakisomwa maneno ya Martin Luther juu ya Waraka kwa Warumi, akaona moyo wake umepata joto, akajua kwamba amemtumaini Kristo peke yake. Wengi huishia hapo. Mimi hunivutia zaidi kilichokuja baadaye: hakuacha kufunga, na mwaka 1743 aliviandikia vikundi vyake kanuni za jumla, usitende uovu, tenda mema, tumia njia za neema. Alizishika kanuni kama mtoto wa nyumbani, baada ya kuzishika miaka mingi kama kibarua anayesubiri kulipwa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukasambaa Kenya, Tanganyika na Burundi, ulileta vitu vya thamani ambavyo bado tunavila: kutubu wazi, kurudisha vilivyoibwa, kutembea katika nuru, wimbo wa Tukutendereza ukiunganisha makabila. Waliookoka waliacha pombe na tumbaku, na kwa wengi kuacha huko kulikuwa uponyaji wa nyumba nzima. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchini Uganda likatoka ndani ya uamsho kundi la Abazukufu, yaani walioamka upya, wakisema ndugu wamelala. Miongoni mwa mambo waliyoyakaza ni madeni: aliyeokoka asikope. Ushirika uliokuwa umestahimili mengi ukapasuka.

Na hebu tuseme ukweli, kutokopa ni busara. Kwa mtu anayejua kwamba akishika mkopo ataununulia sare za harusi, "sikopi" ni kanuni inayoweza kumwokoa. Ila ikiwekwa mlangoni pa ushirika kama alama ya aliyeamka, mkulima aliyekopa mbegu msimu wa mvua anakuwa mwenye dhambi kabla hajafungua kinywa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kanuni iliyokutoa jasho wewe, au isiyokugharimu kitu kwa sababu ya hali yako, unaweza kumtwika mwenzio bila kuhisi uzito.

Mavazi ndiyo uwanja wa kila siku wa jambo hili: suruali, hereni, nywele za kusuka. Hapa nitasema moja tu. Petro katika waraka wa kwanza, sura ya tatu, anataja kwa pumzi moja kusuka nywele, kujitia dhahabu, na kuvalia mavazi. Ukisema mawili ya kwanza yamekatazwa moja kwa moja, la tatu nalo limekatazwa, na hakuna anayefundisha hivyo. Petro analinganisha: pambo la ndani, roho ya upole na utulivu, lipite la nje. Binti akiamua asivae hereni kwa sababu anajijua anavyotafuta macho ya watu, apewe heshima yake. Rafiki yake aliyevaa asiambiwe kwamba hajaokoka.

Basi kanuni binafsi iandikweje ili isigeuke? Chukua nusu karatasi, isizidi. Kanuni isiyoenea kwenye nusu karatasi imeshakuwa katiba. Andika kwanza sababu, kabla ya kanuni yenyewe, kwa maneno ya kawaida: "Nikishika simu kabla ya kusali, nusu saa inapotea na ninaanza siku nikiwaonea wivu watu." Ndipo kanuni: "Sifungui data kabla ya kusoma zaburi moja na kuomba, Jumatatu hadi Ijumaa." Kisha muda: "Kuanzia leo, wiki sita." Kisha kinachoishinda: "Mtoto akiugua, nikiwa zamu ya usiku, au mteja wa alfajiri akipiga." Mwisho, jina la mtu mmoja anayejua.

Sababu inatangulia kwa kuwa ndiyo inayokufa kwanza. Baada ya miaka mitatu watu hukumbuka "hatufungui simu" na kusahau wivu, na wivu unaendelea kustawi mchana. Muda wa wiki sita unakulazimisha kurudi na kuuliza kama kitu kimesaidia. Kisichosaidia kinaachwa bila huzuni, kama dawa ya kikohozi baada ya kikohozi kupona. Nani ajue ni jambo nyeti zaidi. Kanuni ya Benedikto, mwongozo wa watawa wa karne ya 6, ambayo watawa waliojenga abasia za Peramiho na Ndanda kusini mwa Tanzania wameishi kwayo, inaagiza kwamba anachotaka mtawa kujinyima wakati wa Kwaresma amwambie abati wake, mkuu wa monasteri, na kupata kibali, maana kinachofanywa pasipo ruhusa ya baba wa kiroho kitahesabiwa majivuno. Mtu mmoja anayejua anakulinda na siri na pia na jukwaa. Ukiandika kwenye kundi la WhatsApp la ushirika kwamba umeanza siku 21 za kufunga, umeshapokea sehemu ya thawabu. Kanuni hiyo hiyo ya Benedikto, baada ya kupanga kwa makini zaburi zipi ziimbwe siku gani, inaongeza kwamba asiyependezwa na mpangilio huo apange anavyoona vema, mradi zaburi zote 150 ziimbwe kwa juma. Huo ndio mkono wa mtu anayejua kuandika kanuni: anashikilia kiini, mengine anayaachia.

Usiifanye nadhiri. Kuna tofauti kubwa kati ya "nimeamua" na "namwahidi Mungu". Mhubiri 5 inaonya kwamba ni heri kutoweka nadhiri kuliko kuiweka na kutoiondoa. Kwenye mikutano ya moto watu huahidi mbele ya madhabahu wasichokipima, kisha hubeba hatia miaka kumi. Aliyekwisha kuahidi hivyo aende kwa mchungaji wake, aitaje ahadi yenyewe kwa maneno aliyoyatumia, atubu haraka yake, na aombewe afunguliwe.

Kufunga kunahitaji maneno yake, kwa sababu hapo kanuni hugusa mwili. Anza na mlo mmoja, kisha miwili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Maji yanywe. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito na anayenyonyesha wasifunge chakula pasipo neno la daktari. Wajinyime kitu kingine. Dawa hazifungwi, hasa za TB, ARV na presha: dozi iliyorukwa haitoi harufu nzuri mbele za Mungu, inaupa ugonjwa nguvu. Aliyefunga siku kadhaa afungue kwa uji mwepesi au matunda laini, kidogo kidogo. Ugali na nyama vitamsumbua. Muda wa mlo uliouruka uwe na kazi: ombi lenye jina, zaburi, mgonjwa wa kutembelea, na fedha ya chakula kile impelekee mwenye njaa kama Isaya 58 inavyosema. Pasipo hayo umechelewesha kula tu. Na ukiwa siku yako ya kufunga ukaingia nyumba ya mama mzee kijijini, naye amekwisha kuchinja kuku kwa ajili yako, kula. Yesu aliwaambia wanafunzi sabini aliowatuma wale viwekwavyo mbele yao. Unafunga kesho.

Fungu la kumi nalo huzua mabishano. Mshahara ni 800,000, makato ya kodi na hifadhi ya jamii yakitoka inafika mkononi 640,000. Mmoja anatoa 80,000, mwingine 64,000, na wanatazamana kwa jicho la pembeni kwa sababu ya 16,000. Maandiko hayakuandika hati ya mshahara. Atoaye kwa jumla na atoaye kwa kilichofika mkononi wote wanaweza kutoa kwa imani. Ninalolipinga kwa nguvu ni kumhesabia mjane ambaye hana kodi ya nyumba mwezi huu kwamba "amemwibia Mungu", huku hazina ya kanisa haimjui kwa jina.

Vipi ukiivunja kanuni yako? Itavunjika, andaa jibu mapema. Ukivunja amri ya Mungu, tubu, rudisha, omba radhi. Ukivunja kanuni uliyojitungia, jiulize kwanza kama kuna amri iliyovunjika nyuma yake. Kama uliamka saa mbili badala ya saa kumi kwa sababu ulikesha ukitazama uchafu, tubia uchafu. Kama ulichoka kwa kulea mtoto mgonjwa, hakuna cha kutubia. Amka, omba dakika tano, endelea kesho. Usilipe deni. Sura zilizorukwa wakati wa homa ziache zilivyo, fungua ya leo. Mwenye daftari angefanya hivyo usiku ule wa nne, angesoma Walawi 19 peke yake na pengine ingemgusa. Kulipa deni ndiko kunakojenga leja ya siri kati yako na Mungu, na leja ikishafunguliwa, siku ukiwa na alama nyingi utaanza kumdai.

Jirani yako je? Warumi 14 inagawa kazi kwa usawa wa ajabu: alaye asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye. Mwenye kanuni kali hushawishika kuhukumu. Mwenye uhuru hushawishika kudharau, na dharau huonekana kama ukomavu ilhali ni dhambi ile ile. Ukimkaribisha ndugu ambaye hanywi chai wala kahawa kwa dhamiri yake, mpe maji ya moto na limau bila kumtania. Ukiwa naye, soda yako unaweza kuinywea nje ya baa. Kisha Paulo anasema jambo ambalo ningependa liandikwe juu ya kila nusu karatasi: "Ile imani uliyo nayo wewe uwe nayo nafsini mwako mbele za Mungu."

Wiki sita zikiisha, karatasi inachanwa au inaandikwa upya. Hata nadhiri ya Mnadhiri katika Hesabu 6, nzito kuliko kanuni zetu zote, ilikuwa na siku yake ya mwisho: ananyoa, nywele zinawekwa motoni, na baada ya hapo ana ruhusa ya kunywa divai. Paulo mwenyewe, aliyewaandikia Wagalatia barua ile kali, aliwahi kuwa na nadhiri. Luka anaitaja katika Matendo 18 kwa nusu mstari, bila kusema ilihusu nini. Alikuwa safarini kwenda Shamu pamoja na Prisila na Akila. Huko Kenkrea, bandarini, alikata nywele zake. Hatusikii kwamba alimwagiza Akila akate za kwake. Wakapanda chombo.